Kimya Kingi Kina Mshindo: Kupima Usalama Penye Mitambo Inayojiendesha

Gesi asilia iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 ilianza kufua umeme Ubungo mwaka 2004. Mwaka 2015 lilifuata bomba kutoka Mtwara, ambalo huishia Kinyerezi, katika wilaya ileile ya Ilala ilimo Chanika. Katika mitambo ya namna hii, kihisio hupima kanieneo au halijoto. Kompyuta hulinganisha kipimo hicho na kiwango kilichowekwa, kisha huamuru vali ifunguke au ifunge. Mfanyakazi hukaa mbali na hatari. Je, itajulikanaje kwamba usalama wake umeongezeka kweli?

Kwa desturi, idadi ya ajali huzidishwa kwa 1,000,000, kisha hugawanywa kwa jumla ya saa za kazi. Chukulia kiwanda chenye watu 100, kila mmoja akifanya kazi saa 2,000 kwa mwaka. Jumla ni saa 200,000. Ajali moja hutoa kiwango cha 5. Ajali ikikosekana, kiwango ni 0. Ni dhahiri kwamba tukio moja tu hugeuza hesabu nzima. Mwaka mmoja wa kimya, basi, hauthibitishi kitu.

Tena, hesabu hiyo huchanganya kidole kilichokatwa na hatari ya mlipuko. Katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, takwimu za majeraha madogo zilileta matumaini. Tarehe 23 Machi 2005 mnara mmoja ulijaa kupita kiasi, ilhali chombo cha kupimia kilionyesha kina kinapungua. Mlipuko uliua watu 15.

Wingi wa vyombo nao si dawa. Huko Milford Haven, Uingereza, mwaka 1994, waendeshaji wawili walipigiwa ving'ora 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Hakuna binadamu awezaye kuvisikiliza vyote.

Kwa hiyo, mpimaji makini hahesabu majeruhi peke yao. Huhesabu pia ni mara ngapi vali ya usalama imefunguka, ving'ora vingapi hulia kwa saa, na vihisio vingapi vimepitiliza tarehe ya kukaguliwa. Matukio hayo ni mengi kuliko ajali, hivyo mabadiliko yake huonekana mapema, kabla mtu hajaumia.