Je, Wajua? Fundi wa Uingereza alisubiri Krismasi ili acheze

Mwaka 1541, enzi ya Mfalme Henry wa Nane, sheria iliwakataza mafundi, vibarua, wavuvi na watumishi wa Uingereza kucheza tenisi, karata, dadu, hata mchezo wa kuvingirisha tufe kwenye nyasi. Waliruhusiwa Krismasi tu, tena nyumbani kwa bwana wao au mbele ya macho yake. Mfalme mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa tenisi! Sababu iliyotolewa ni ulinzi wa nchi: wanaume walitakiwa kufanya mazoezi ya upinde, na mtoto wa kiume wa miaka 7 alipaswa kuwa na upinde na mishale miwili. Katazo la michezo ya ustadi lilifutwa mwaka 1845.

Kwenye uwindaji ubaguzi ulizidi. Sheria ya 1671 ilitaka mwindaji awe na ardhi yake yenye pato la pauni 100 kwa mwaka, ilhali kupiga kura mashambani kulihitaji ardhi ya pauni 2 tu. Kumuua kwale kulidai mali mara 50 ya kumchagua mbunge! Mkulima mdogo alitazama sungura akila mazao yake, asithubutu kumgusa.

Kandanda lilipigwa marufuku London tangu 1314, lakini watu wa kawaida hawakuliacha. Mjini Ashbourne, Uingereza, kila mwaka siku moja kabla ya Kwaresima kuanza na pia siku ya Jumatano ya Majivu yenyewe, umati bado unagombea mpira mmoja, magoli yakiwa umbali wa karibu kilomita 5.