Kati ya Mizani na Mizani: Mwezi Mmoja wa Malezi Bugarama

Bugarama ni kata ya Wilaya ya Ngara, katika pembe ya Mkoa wa Kagera inayopakana na Rwanda na Burundi. Ni nchi ya vilima. Migomba huzunguka nyumba, maharage hupandwa chini yake, na mihogo, mahindi na karanga hutanda kwenye miteremko. Mgeni apitaye humo wakati wa mvua, akauona ule ukijani usiokatika, huona vigumu kuamini kwamba mtoto wa hapo anaweza kukosa lishe. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa watoto wapatao 42 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani Kagera walikuwa wamedumaa, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa 34. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulikuta kiwango cha taifa kimeshuka hadi 30.

Chakula kipo shambani. Kwa nini basi hakimfikii mtoto? Zipo sababu nyingi, na nyingine huanza mimba ingali changa. Makala haya yanafuata moja tu, ambayo haionekani vizuri kutoka kwenye dawati la mtaalamu. Zahanati humwona mtoto kwa dakika chache, mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote ziko mikononi mwa familia, na humo ndimo uzito unamopatikana au kupotea.

Tuchukue kaya ya mfano, isiyo ya mtu yeyote mahususi, iliyojengwa kwa mambo ya kawaida ya vijiji vya ukanda huu: mama, baba, bibi mzaa baba, binti wa miaka tisa anayesoma shule ya msingi, kaka wa miaka mitatu, na mtoto mchanga wa kike mwenye umri wa miezi minane. Mwezi ni Novemba. Mvua za vuli zimeshika, palizi imefika, na maharage mapya bado hayajakomaa.

Wiki ya kwanza: mstari kwenye kadi

Mama anamfikisha mtoto kwenye mizani. Muuguzi anaweka nukta kwenye kadi ya kliniki na kuiunganisha na ile ya mwezi uliopita. Kadi ya namna hii ilianza kupata umbo katika kijiji cha Imesi-Ile, magharibi mwa Nigeria, ambako daktari Mwingereza David Morley alifanya kazi katika miaka ya 1950. Morley alitambua kwamba mama akiona kwa macho mwelekeo wa ukuaji wa mwanawe, hatari hubainika mapema, kabla mtoto hajakonda kiasi cha kuonekana na kila mtu.

Kwa hiyo linalosomwa kwenye kadi ni mwelekeo kuliko kilo zenyewe. Mtoto mdogo wa umbo ambaye mstari wake unapanda yuko katika njia njema. Mtoto mnene ambaye mstari wake umelala anatoa taarifa ya kusikilizwa. Katika umri wa miezi minane mtoto hutarajiwa kuongeza takriban gramu 250 hadi 300 kwa mwezi. Mstari wa binti yetu umelala. Hajapungua, lakini hajaongezeka. Kumwambia mama, «Mlishe vizuri,» kisha kumwita anayefuata, ni kumrudisha nyumbani na neno asiloweza kulitumia. Inafaa kumuuliza: Jana alikula mara ngapi? Alikula nini? Nani alimlisha?

Wiki ya pili: saa za mama

Majibu ya maswali hayo yako kwenye ratiba ya palizi. Mama huamka alfajiri, humnyonyesha mtoto, huchota maji, hubandika chungu, humwandaa binti kwenda shule, kisha hushika jembe. Mchana hurejea na mzigo wa kuni. Katikati ya saa hizo, mtoto hubaki na bibi. Bibi ana kikombe cha uji ulioachwa asubuhi, nao ni mwepesi ili usigande na umpitie mtoto kooni bila taabu.

Hapo hesabu inagoma. Mtoto wa miezi 6 hadi 8, pamoja na kunyonya, anahitaji kula milo 2 hadi 3 kwa siku; akifika miezi 9 anahitaji milo 3 hadi 4, pamoja na asusa kama parachichi au ndizi mbivu. Tumbo lake ni dogo, na hushiba upesi. Uji mwepesi hulijaza maji. Mtoto huacha kikombe akiwa ameshiba, na mwili wake ukiwa na njaa.

Dawa ya tatizo hili haiko dukani. Ndizi zilizopikwa zikapondwa pamoja na maharage yaliyolowekwa, kuivishwa na kutolewa maganda, zikaongezwa karanga zilizosagwa au dagaa waliosagwa, na majani ya maboga yaliyokatwa laini, huwa mlo mzito wa mtoto kutoka katika chungu kile kile cha familia. Kinachotakiwa ni kumpakulia sehemu yake kabla pilipili na chumvi havijaongezwa, na kumpa katika chombo chake mwenyewe, ili anayemlisha ajue amekula kiasi gani.

Kwa uji, wazee walikuwa na kimea. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, walionyesha kwamba unga kidogo wa nafaka iliyooteshwa, ukitiwa katika uji mzito, huulainisha bila kuuongezea maji. Kijiko kimoja cha unga wa ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, kinaweza kugeuza uji wa kusimamisha mwiko ukawa wa kunyweka. Uji huo urudishwe motoni uchemke tena kabla ya kupewa mtoto.

Hata hivyo, mapishi yote hayo yanadai saa moja zaidi na mkono mmoja zaidi. Mama huyu hakosi upendo wala akili, amekosa muda. Elimu ya lishe isiyouliza muda utatoka wapi humwongezea mzigo aliyekwisha kulemewa.

Wiki ya tatu: homa na kuharisha

Mvua huleta chakula, na huleta pia mbu na maji machafu. Siku ya 16 kaka wa miaka mitatu anapata homa. Siku mbili baadaye mtoto mchanga anaharisha. Sasa saa za mama zinagawanyika mara tatu.

Homa ya mtoto katika eneo lenye malaria inahitaji kipimo siku ile ile au kesho yake. Kipimo cha haraka hutumia tone la damu na hutoa jibu kwa muda usiozidi nusu saa. Vidonge vilivyobaki kwenye kabati tangu mgonjwa wa mwaka jana si tiba. Huenda havitoshi kwa uzito wa mtoto, au homa yenyewe si malaria. Mtoto mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi chini ya miezi 12, na pumzi 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, huashiria uwezekano wa nimonia.

Kwa kuharisha, jambo la kwanza ni kurudisha maji yanayopotea. Pakiti ya ORS huchanganywa na kiasi cha maji safi na salama kilichoandikwa juu yake, si zaidi wala pungufu, na mtoto hunyweshwa kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko. Vidonge vya zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na kuendelea, na nusu yake kwa aliye chini ya hapo. Kunyonyesha hakusimami hata mara moja.

Zipo dalili ambazo hazingoji kuche. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea au kuzimia, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana. Kila mlezi wa mtoto, pamoja na bibi na binti mkubwa, azijue dalili hizo nne.

Wiki ya nne: deni na mlipaji

Homa imeshuka, kuharisha kumekoma, na nyumba inapumua. Kumbe hapo ndipo mwezi unapoamuliwa. Mtoto aliyeugua amekula kidogo, na mwili umetumia akiba yake. Ana deni. Ushauri wa kitaalamu ni kumwongezea mlo mmoja kila siku kwa muda wa wiki mbili baada ya kupona. Akirudishwa kwenye ratiba ya zamani, ugonjwa unaofuata utamkuta bado chini, na hivyo ndivyo udumavu unavyojengwa: polepole, bila kelele, kipindi kimoja cha ugonjwa juu ya kingine.

Nani atalipa deni hilo? Tanzania imekwisha kulijibu swali hili kwa vitendo. Kuanzia mwaka 1983, Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF ziliendesha mpango wa lishe mkoani Iringa, ulioanza na vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini kila baada ya miezi mitatu, na matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe: nani hakui, kwa nini, na tufanye nini kwa nguvu tulizo nazo? Mazungumzo hayo yalifika kwenye wingi wa kazi za akina mama na idadi ya milo ya watoto, na vijiji vikaanzisha vituo vya kuwalisha watoto mchana. Katika miaka michache utapiamlo mkali ulipungua sana. Mizani ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni watu walioitazama.

Katika kaya yetu ya mfano, kadi inaweza kusomwa na watu wazima watatu. Baba akichukua ndoo na kuni kwa wiki hizo mbili, mama anapata saa ya kupika mlo wa nne. Bibi akikabidhiwa bakuli la chakula kizito badala ya kikombe cha uji, saa za palizi hazipiti bure. Shemeji na jirani wakipokezana siku za palizi, hakuna shamba linaloachwa porini.

Desemba inakaribia, na pamoja na Juni huwa ni Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto nchini. Kaka wa miaka mitatu atapewa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo, na atapimwa mzunguko wa mkono wake. Mtoto mchanga, atakapotimiza miezi tisa, atapata chanjo yake ya kwanza ya surua na rubela. Kisha atawekwa kwenye mizani. Baba naye afike siku hiyo, aione nukta mpya ikiwekwa, na aulize imepanda kwa gramu ngapi.