Nguchiro na Kuku Wetu



Kuku akipotea, lawama humwangukia nguchiro au ngawa. Hata bara ni hivyo hivyo, katika vijiji vya Tarime na Serengeti, mkoani Mara, vipakanavyo na hifadhi. Hula nini hasa wanyama hao? Choo chao ndicho shahidi: kikioshwa chunjioni huonekana magamba ya wadudu, nywele za panya na kokwa. Nguchiro miraba riziki yake kubwa ni dundu na jongoo. Fungo hula panya, wadudu na matunda, na kokwa huota alikopita. Kuku pia huliwa, hatukatai. Lakini atiliaye sumu humwua mla panya, na panya wakasalia ghalani. Fungo hutembea usiku. Basi banda lifungwe kabla ya magharibi. Nguchiro miraba ni wa mchana, kwa hiyo vifaranga wachungwe.