Gazeti Lisilo na Matangazo

Mjadala wa uhuru wa habari ukipamba moto hapa kwetu, hakosekani mtu wa kuitaja Singapore. Hoja yake ni ileile: kisiwa kile hakina mafuta wala dhahabu, magazeti yake hayawasumbui wakubwa, na bado kimetajirika. Waacheni wafanyabiashara wafanye kazi, anamalizia, waandishi watasubiri. Hoja hiyo inastahili jibu la heshima, maana nusu yake ni kweli. Kwa miaka mingi Singapore imekuwa karibu na kilele cha orodha za nchi zenye uchumi huru duniani, na katika miaka hiyohiyo imekaa chini sana katika orodha za uhuru wa vyombo vya habari.

Ila kuna kisa cha kule ambacho wanaoitaja hawakisimulii. Desemba 1986, Asian Wall Street Journal, gazeti la watu wa mabenki na hisa, liliandika kuhusu SESDAQ, soko jipya la hisa za kampuni ndogo lililokuwa likiandaliwa Singapore. Habari ile iligusia wasiwasi kwamba serikali ingelitumia soko hilo kuwauzia wananchi kampuni zake zisizofanya vizuri. Serikali ikaandika barua ya kujibu, gazeti likakataa kuichapisha. Februari 1987 ikatoka amri: nakala zinazouzwa nchini, ambazo zilikuwa takriban 5,000, zishuke hadi 400.

Gazeti halikufungwa. Mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa ili machapisho ya nje yaliyopunguziwa nakala yaweze kunakiliwa upya ndani ya nchi bila idhini ya wenyewe, kwa sharti kwamba matangazo yote ya biashara yaondolewe. Far Eastern Economic Review, jarida lililopunguziwa nakala likaamua kujitoa kabisa katika soko lile, likanakiliwa kwa utaratibu huo. Msomaji alipata habari zote, neno kwa neno. Mwenye jarida hakupata hata senti.

Watawala wa Singapore walijua walichokifanya. Hakuna serikali iliyoielewa biashara kuliko ile, nayo ilipotaka kulitia adabu gazeti iliyaacha maneno na kwenda kwenye mapato. Kwa hiyo mimi sikubali kwamba Singapore ilikuwa na uhuru wa uchumi ikakosa uhuru wa habari, kana kwamba ni vitu viwili vilivyowekwa katika makabati tofauti. Gazeti ni biashara. Kule biashara nyingi ziliachwa huru, hiyo ikabanwa, na kosa lake lilikuwa kuwauliza wenye mamlaka swali ambalo mnunuzi wa hisa angetaka lijibiwe kabla hajatoa fedha zake. Singapore ilimudu hasara ya kukosa maswali ya aina hiyo kwa sababu ilikuwa na kinga nyingine: mahakama za biashara zinazoaminika, na ofisi ya kuchunguza rushwa iliyoanza kazi mwaka 1952 na kuwagusa hadi mawaziri.

Sisi wa Afrika Mashariki kinga hiyo hatukuwa nayo. Mwaka 1990 serikali ya Kenya iliipa kampuni ya Goldenberg International haki ya peke yake ya kuuza nje dhahabu na almasi, pamoja na fidia ya asilimia 35 ya thamani ya mauzo iliyodai kufanya. Kenya haina almasi ya kutajika. Makaratasi ya malipo yalipita mezani kwa David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu, naye alipoona hayaeleweki akawapa nakala wabunge wa upinzani. Alikamatwa, akapoteza kazi. Hiyo ilikuwa 1993, mwaka ambao mfumuko wa bei nchini Kenya ulipita asilimia 40. Mwaka huohuo polisi walivamia kiwanda cha uchapaji cha Fotoform jijini Nairobi na kung'oa vipuri vya mtambo uliokuwa ukichapa majarida ya kuikosoa serikali. Mwenye duka aliyekuwa akibadilisha bei za sukari na unga kila wiki hakuwa na sababu ya kudhani kwamba mtambo ule ulimhusu. Ulimhusu sana. Wizi uliokuwa ukimla ulihitaji vitu viwili ili udumu: mshindani asiingie sokoni, na habari isitoke.

Siku hizi hakuna haja ya kung'oa vipuri. Ingia chumba cha habari cha gazeti lolote jioni, wakati kurasa zinapangwa. Yanaanza matangazo: zabuni ya halmashauri chini kulia, mamlaka ya maji juu yake, nafasi iliyobaki ndiyo ya habari. Fedha za nakala zinazouzwa barabarani hazitoshi kulipia karatasi, wino na mafuta ya magari ya kusambaza. Kinacholipa mishahara ni tangazo, na mtangazaji mkubwa kuliko wote ni serikali na mashirika yake. Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016 ilimpa Mkurugenzi wa Idara ya Habari kazi ya kuratibu matangazo yote ya serikali. Ofisi hiyohiyo ndiyo inayotoa leseni ya gazeti, na leseni inahuishwa kila mwaka. Mhariri aliyeshika habari ya barabara iliyojengwa chini ya kiwango hahitaji kupigiwa simu ya vitisho. Anahesabu mwenyewe, anaona ankara ambazo hazijalipwa, anaikata habari aya tatu au anaiweka ukurasa wa 14.

Adhabu ya wazi nayo imekuwa ya kiuchumi zaidi ya watu wanavyoiona. Mwaka 2017 magazeti ya MwanaHALISI na Mawio yalifungiwa miezi 24 kila moja. Lilipokuja tamko la kuyafungulia, Februari 2022, muda huo ukiwa umepita zamani, wasomaji walikwishazoea simu na watangazaji walikwishahama. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni na milioni nyingine ya kila mwaka. Vijana wengi waliokuwa wakiandika habari za wilaya zao waliacha.

Na hapa ndipo mkulima anapoingia. Msimu wa korosho wa mwaka 2018 ulianza kwa wakulima wa Mtwara na Lindi kugomea bei za mnada. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaenda kuzibeba. Bei ilikuwa nzuri. Malipo ndiyo yaliyochelewa, kwa wengine miezi mingi, huku uhakiki wa kuwatafuta walanguzi wa kangomba, yaani wanaonunua korosho nje ya mfumo rasmi, ukiendelea kijiji kwa kijiji. Ni takwimu gani zingemsaidia mkulima wakati ule? Wangapi wamelipwa, tani ngapi ziko ghalani, nani ananunua. Lakini Septemba ya mwaka huohuo Bunge lilikuwa limerekebisha Sheria ya Takwimu na kulifanya kosa la jinai kutangaza takwimu zenye lengo la kubatilisha au kukashifu zile rasmi. Mwandishi aliyetaka kuzunguka vyama kumi vya ushirika vya wakulima (AMCOS) na kuhesabu mwenyewe alikuwa na jela mbele yake. Benki ya Dunia ilieleza hadharani wasiwasi wake mkubwa, na Juni 2019 kipengele hicho kikaondolewa. Katikati ya miezi hiyo, Januari 2019, ukasainiwa mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000 za korosho, na waliouliza kampuni hiyo ni ya nani na ina mtaji gani ni waandishi wa habari. Mkataba haukutekelezwa.

Yapo mabadiliko ya kushukuru. Mwaka 2023 Bunge la Tanzania lilikifuta kile kifungu cha kuratibu matangazo, baada ya wadau wa habari kukipigia kelele kwa miaka. Leseni ya kila mwaka ikabaki. Kenya nayo ilirudi kinyumenyume: Machi 2024 iliagizwa kwamba matangazo ya serikali ya redio na televisheni yaende kwa shirika la utangazaji la taifa, KBC, peke yake.

Kufuta kifungu hakutoshi, kwa sababu afisa masoko wa shirika la umma bado anaweza kuchagua gazeti tulivu bila kumweleza mtu yeyote sababu. Kila wizara, halmashauri na shirika lichapishe mara moja kwa mwaka lilikilipa kila chombo cha habari shilingi ngapi, na linadaiwa na nani kiasi gani. Ni fedha za kodi. Hesabu hizo tayari ziko kwenye vitabu vya wahasibu. Na wenye viwanda na wafanyabiashara, ambao wakiitwa Ikulu huenda na orodha ndefu ya kodi, ushuru na vibali vinavyowakwaza, waongeze humo leseni ya gazeti ya kila mwaka.