Jamu ya Manyatta Haisubiri Digrii 105

Jumapili soko la Kibuye hapa Kisumu hujaa kuliko siku nyingine yoyote, na ikifika alasiri wauza matunda huanza kushusha bei ili wasirudi nyumbani na mzigo. Wanaojua kwamba napika jamu hunishauri ningoje saa hiyo, nizoe mapapai yaliyolegea na maembe yaliyoanza kutoa maji. Siwasikilizi. Naenda asubuhi, na muuza mapera tuliyezoeana huniita kwa mbali: "Mama Jamu, njoo uchague kabla hawajachagua wengine!" Nachukua yaliyoiva kwa kiasi, kisha naongeza machache yenye ubichi, yale ambayo mtu wa kula papo hapo angeyarudisha kwenye fungu.

Sababu iko ndani ya tunda lenyewe. Kinachoifanya jamu ishike juu ya mkate badala ya kutiririka ni pektini, gundi ya asili inayoshikanisha nyama ya tunda. Tunda linapokaribia kuiva, gundi hiyo iko tele. Likipitiliza inavunjikavunjika, na ndiyo maana tunda hulegea mkononi. Kwa hiyo anayepikia jamu matunda ya kutupa anaanza akiwa ameshapoteza kile anachokitafuta.

Tena matunda hayalingani. Pera ndilo mfalme wangu. Chemsha, chuja mbegu, tia sukari, litashika bila msaada wa mtu. Nanasi lina ukali wa kutosha lakini gundi yake ni haba, ndiyo maana mimi hulioanisha na pera. Embe hutegemea umelichuma lini. Papai, ambalo hapa mtaani kwetu Manyatta linapatikana karibu kila ua wenye nafasi, ndilo zembe kuliko yote. Rangi nzuri, harufu nzuri, asidi karibu hakuna.

Upungufu huo wa asidi si suala la ladha tu. Pektini haishiki vizuri bila asidi, na usalama pia uko hapo. Wataalamu wa chakula hupima ukali kwa kipimo cha pH, na mpaka wanaouheshimu ni 4.6. Chini ya hapo, bakteria wa botulizimu, wanaoweza kutengeneza sumu ndani ya chupa isiyo na hewa, hawawezi kuota. Papai bivu mara nyingi liko juu ya mpaka huo. Kwa kila kilo ya papai lililomenywa mimi hukamua ndimu nne kubwa, na mbegu na maganda yake nayafunga kwenye kitambaa safi nikayachemsha humo humo, kwa sababu ndimu ina pektini nyingi kwenye ile nyama nyeupe ya ganda. Mtu akiniambia jamu ya papai isiyo na ndimu ni tamu zaidi, namkubalia, kisha namwambia aimalize leo.

Sukari ndiyo inayokula faida. Sisi tuko karibu na miwa kuliko Wakenya wengi. Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilijengwa Miwani mwaka 1922, na Chemelil na Muhoroni si mbali. Ukaribu huo haujawahi kunipunguzia bei dukani. Hata hivyo siwezi kupunguza sukari sana, maana kazi yake si utamu peke yake. Sukari huyashika maji ya tunda, ukungu na chachu zikakosa ya kunywa. Jamu inayokaa muda mrefu huwa na sukari karibu asilimia 65, ukijumlisha ile ya tunda lenyewe. Kwa pera natia kilo kwa kilo. Kwa nanasi na papai, robo tatu kwa kilo, kisha naacha moto upunguze maji. Na sukari haiingii mwanzo. Tunda lilainike kwanza kwa maji yake, la sivyo vipande vitakakamaa na pektini itakwama ndani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vitabu vingi vya mapishi havimwelezi mtu wa Kisumu. Binti mmoja wa ploti yetu anayesomea upishi chuoni alikuja kunisaidia na kipimajoto chake. Jamu ilikuwa imeshaanza kudondoka mwikoni kwa uzito, naye akanikataza kuipua. "Anti, kitabu kinasema digrii 105." Nikamwambia achemshe kwanza maji matupu kwenye sufuria nyingine, ayapime. Yakatokota vizuri, mshale umesimama kwenye 96. Akadhani kipimajoto ni kibovu.

Hakikuwa kibovu. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa hukandamiza maji kwa uzito mdogo zaidi, nayo huchemka mapema. Mombasa ni digrii 100, Kisumu ni kama 96, Nairobi ni 94 au 95. Jamu huiva ikipita joto la maji yanayochemka kwa digrii nne na nusu hivi. Kwa hiyo 105 ya kitabu ni ya watu wa pwani; yetu ni 100 na nusu, au 101. Ukiing'ang'ania 105 hapa Manyatta utakuwa umekausha maji kupita kiasi, na kesho yake utakuta chupa ya peremende yenye chengachenga za sukari. Asiye na kipimajoto asihangaike. Elea kisahani kwenye beseni la maji baridi, dondoshea jamu kidogo, subiri ipoe, isukume kwa kidole. Ikikunja ngozi, ipua.

Pika kidogo kidogo, kwenye sufuria pana, moto mkali. Sufuria ndefu iliyojaa huchukua muda mrefu kukausha, na moto wa muda mrefu huiua pektini ile ile tuliyoifuata Kibuye.

Kuhifadhi chupani tunamshukuru Mfaransa Nicolas Appert, mpishi wa vitamutamu. Serikali yake ilimlipa faranga 12,000 mwaka 1810 ili aitangaze siri ya kufunga chakula kwenye chupa za kioo na kuzichemsha. Hakujua ni kwa nini chakula hakikuoza. Elimu ya vijidudu ilikuja na Louis Pasteur miaka mingi baadaye. Chupa zangu nazichemsha robo saa, kwa maji ya bomba, si ya visima vifupi vya mtaani. Namimina jamu ikiwa moto, naacha nusu sentimita juu, nafuta mdomo wa chupa, nafunga kwa kifuniko kipya. Chupa inaweza kurudi kazini. Kifuniko chenye mpira uliochoka hakirudi. Halafu nazizamisha kwenye maji yanayochemka kwa dakika 10. Vitabu vya Wamarekani huandika 5 kwa jamu nyingi, lakini wenyewe huongeza 5 kwa mwinuko kama wetu. Wapo wanaopindua chupa tu juu chini na kuridhika. Joto hilo ni la kubahatisha.

Chupa ikipoa, mvuke uliokuwa juu ya jamu hugeuka maji, hewa humo hupungua, na kifuniko huvutwa ndani kwa mlio: tok! Nabonyeza kila kimoja katikati siku ya pili. Kisichocheza kimefunga.

Nafunga chupa ndogo, za gramu 250. Chini ya mabati yetu joto la mchana si la mzaha, na nyumba nyingi hazina friji. Chupa kubwa ikishafunguliwa hupata ukungu kabla haijafika nusu. Anayetaka kuuza madukani ajue kuna alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na cheti cha afya kwa anayeshika chakula. KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, ina kituo hapa Kisumu. Aanzie huko na maswali yake.

Chupa ambayo kifuniko hakikuvutwa siiuzi, inaliwa wiki hiyo hiyo. Watoto wa ploti wameshaelewa mpango huo, na asubuhi baada ya kupika huja mlangoni na mandazi yao mkononi kuuliza kama kuna iliyokataa.