Toka Buzuruga wikiendi hii, baa haikimbii!

Ijumaa jioni ya Buzuruga mnaijua wenyewe. Nyama zinachomwa, spika za baa hii zinagombana na za baa ile, na ikifika Jumapili usiku kijana yuko kitandani anahesabu chenji, anajiuliza mshiko umeyeyukia wapi. Sasa leo nawachomoa huko. Pesa ile ile, mkiibana vizuri, inawafikisha wawili mpaka Magu na Lamadi, mkalala, mkala samaki, na Jumatatu mkaenda kazini na kichwa kisichouma.

Njia ni moja tu, barabara ya Musoma. Mabasi makubwa siku hizi yana stendi yao Nyamhongolo, mbele kidogo. Ondokeni Jumamosi alfajiri. Ile tabia ya kupanga safari ya saa kumi na mbili halafu mtu anatokea saa nne ananukia manukato, kaiacheni mjini!

Kituo cha kwanza Kisesa. Hapo pandeni bodaboda hadi Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Wengi wetu tumezaliwa Mwanza na hatujawahi kukanyaga pale, wakati watalii wanavuka bahari kuja kupaona. Kuna jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, kuna ngoma za watemi, kuna vyombo vya wahunzi na waganga. Mkibahatika kwenda mwezi Juni wakati wa Bulabo mtakuta Bagika na Bagalu wanashindana kucheza, na wengine wamejivisha chatu shingoni kama skafu. Disko gani la mjini litakupa hiyo?

Kutoka Mwanza hadi Magu ni kama kilometa 60. Mji wenyewe hauna makeke. Watu wanaendesha baiskeli taratibu, michembe inauzwa sokoni, na ukisema "mwangaluka, mayu" mama muuzaji anacheka na pengine anakuongezea. Mbele ya Magu ndipo ulipo Mto Simiyu, huo huo uliopewa mkoa mpya wa mwaka 2012. Huu mto una vituko. Mvua zikikolea unashuka kwa fujo, umebeba matope na magogo kuelekea Ghuba ya Speke. Kiangazi unabaki mchanga mtupu, kina mama na watoto wanachimba vishimo humo humo kupata maji ya kupikia. Kwa hiyo ukikuta kishimo, usinawie miguu. Hiyo ni ndoo ya mtu, bwana.

Na kuogelea je? Hapa nawajua, kijana wa mjini akiona maji anavua shati, hasa kama kuna mrembo anatazama. Tulieni. Kwenye mito hii na kando ya ziwa kuna mamba na viboko, na maji yaliyotulia yenye majani ndiyo makao ya konokono wa kichocho. Muulizeni mwenyeji kwanza. Akisema hapana, basi hapana, hata kama maji yanakuita kwa jina.

Laleni Lamadi. Ni mji wa njia panda, gesti zipo za kila mfuko, na jioni sato wa kukaanga anakuja na ugali wa moto huku upepo wa ziwa ukiwapuliza. Ghuba ile ndiyo inayobeba jina la John Hanning Speke, Mwingereza aliyelifikia ziwa hili mwaka 1858 akaona amevumbua kitu, wakati wavuvi walikuwa wanakula sato siku zote!

Asubuhi nendeni Ndabaka. Lango hili la Serengeti liko pembeni kabisa mwa barabara, na pori linalolindwa linakaribia ziwa kuliko mnavyodhani. Mtanzania analipa kiingilio cha Kitanzania, si cha Mzungu. Shida ni gari, maana Hiace haiwaingizi ndani. Changeni watu sita au saba mkodishe moja tangu Mwanza. Mkikosa, hata dirishani mwa basi mnaweza kuona nyumbu na pundamilia wakila majani kama ng'ombe wa jirani, hasa nyumbu wanapopita upande huu wa magharibi, karibu na Mto Grumeti, kati ya Mei na Julai.

Jambo moja kuhusu tembo. Sisi tukisikia amepita usiku tunaruka kwa furaha, simu mkononi, tukitaka tuoneshwe nyayo. Mwenyeji wa Bunda au Busega haoni sherehe yoyote. Yeye huenda amekesha shambani akigonga debe, na alfajiri akakuta mahindi ya kulishia watoto yamelala chini, kazi ya msimu mzima imekwisha kwa saa moja. Na tembo huyo huua watu. Kwa hiyo mkikuta shamba limekanyagwa, mpeni pole mwenye nalo kabla ya kuomba picha, na giza likiingia msizurure vichakani eti mnatafuta hewa.

Kurudi, msisubiri jua lizame. Jumapili jioni magari yanayopita Lamadi huwa yamejaa tayari kutoka Musoma na Bunda, na konda akiona mmebeba mabegi na dagaa anajua hamna ujanja. Saa nane mchana muwe barabarani.