Mchezo wa Lode Runner na Somo la Masharti

Sisi tunaofundisha Kiswahili mahali ambapo kwa wanafunzi wengi ni lugha ya tatu au ya nne tunalifahamu tatizo hili: mwanafunzi hukariri viambishi vya masharti bila kukosea, lakini akiombwa amwelekeze mwenzake hatua tatu tu za kufanya jambo, hunyamaza. Katika makala haya tunapendekeza nyenzo ambayo haikutungwa kwa ajili ya kufundishia lugha, yaani mchezo wa kompyuta uitwao Lode Runner.

Mchezo huu ulibuniwa na Douglas E. Smith, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Ulitolewa mwaka 1983 na kampuni ya Broderbund kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani ya Apple II, ukiwa na ngwe 150. Katika kila ngwe mchezaji hukusanya vipande vyote vya dhahabu huku akifukuzwa na walinzi, akipita kwenye sakafu za matofali, ngazi na kamba za kuning'inia.

Mhusika hawezi kuruka wala kuwapiga risasi walinzi. Uwezo wake ni kuchimba tofali la sakafuni lililo kushoto au kulia kwake; lile alilolikanyaga hawezi kulichimba. Shimo hujiziba lenyewe baada ya muda mfupi. Mlinzi akitumbukia, hunasa, na mchezaji huweza kupita juu ya kichwa chake. Asipotoka kabla shimo halijajiziba, hufa, kisha huibuka tena juu ya skrini. Mchezaji naye akikutwa shimoni, hupoteza uhai mmoja.

Bila shaka msomaji ameona kwamba ni vigumu kueleza kanuni hizi bila -ki- na -sipo-. Tutazame mfano. Mchezaji anataka kupenya sakafu yenye matabaka mawili ya matofali. Akichimba tofali moja tu na kutumbukia, atabanwa kushoto na kulia, wala hataweza kuchimba zaidi. Hivyo basi, achimbe kwanza tofali la mbali, arudi nyuma hatua moja, achimbe la karibu, atumbukie, kisha achimbe tofali lililo chini ya shimo la kwanza, apite. Mpangilio ukivurugika, njia inafungika.

Hapa ndipo tofauti ya viambishi inapopata maana. Kabla ya kuanza tunasema: "Ukianza na la mbali, utapita." Mwenzetu akiwa bado anasitasita juu ya sakafu, tunamwambia: "Ungeanza na la mbali, ungepita." Shimo likishajiziba naye yumo ndani, tunasema: "Ungalianza na la mbali, ungalipita." Mwanafunzi haoni tena jedwali, bali anaona nafasi iliyopo, nafasi inayoponyoka na nafasi iliyokwisha kupotea.

Ukosefu wa kompyuta usiwe kisingizio. Mwalimu achore miraba ubaoni au kwenye karatasi, na kizibo cha soda kiwe mhusika. Mwanafunzi mmoja aelekeze kwa Kiswahili, mwingine asogeze kizibo kama alivyoambiwa tu, bila kukisia. Akiambiwa "chimba" bila kuelezwa upande, asichimbe. Aidha, mchezo wenyewe ulikuja na sehemu ya kutungia ngwe mpya. Mathalani, kila kikundi kitunge ngwe yake, kiandike maelekezo ya kuivuka, kisha kibadilishane na kikundi kingine.

Faida kubwa iko katika usahihishaji. Mwenzake akivuka kwa maelekezo hayo, mwandishi ameeleweka. Akinasa, wote wawili watarudi kwenye sentensi kutafuta neno lililopotosha, hata kabla ya mwalimu kushika kalamu nyekundu. Walimu wenzetu, lijaribuni zoezi hili muhula huu, nanyi wanafunzi tuleteeni ngwe mlizozitunga.